Mbwa wa kwanza: chotara wa wiki tano au jike aliyeokotwa?

Swali

"Shikamoo, daktari. Tunaishi Mbezi, Dar es Salaam, na watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Hatujawahi kufuga mbwa. Mwaka huu wezi wameruka ukuta wa jirani mara mbili, kwa hiyo mume wangu ameamua tuwe na mbwa. Fundi wetu anamjua mtu anayeuza watoto wa mbwa chotara, nusu German Shepherd, nusu wa kienyeji. Wana wiki tano, na muuzaji anasema tuwahi wakiwa wadogo ili watuzoee. Halafu kuna dada tunayesali naye. Tangu Machi anamtunza jike wa kahawia aliyemwokota Kimara akiwa na kidonda mguuni. Sasa amepona, anakadiriwa kuwa na miaka miwili, na anatafutiwa pa kwenda. Mimi nimempenda huyo. Mume wangu anasema mbwa wa kuokotwa ana tabia za mtaani na hawezi kulinda. Majirani zetu wa ukuta mmoja ni Waislamu, watu wazuri sana, hatutaki kuwakwaza. Tumchukue yupi?"

Jibu

Marahaba, dada. Kwa nyumba kama yenu, yenye watoto na isiyowahi kufuga, ningemchukua yule jike, mradi mkamtazame vizuri kwanza kama nitakavyoeleza. Yule wa wiki tano msimchukue sasa, hata mkipewa bure. Hoja ya mume wako kuhusu mbwa wa mtaani ina ukweli ndani yake na nitaijibu, kwa sababu yapo majike wa kuokotwa ambao nisingependa kuwaona wakiingia kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka 6.

Tuanze na huyo chotara. Anayesema ni nusu German Shepherd ni muuzaji. Je, baba mmemwona? Mara nyingi baba hajulikani, alipita tu. Jike akiwa kwenye joto huweza kupandwa na madume kadhaa, na watoto wa uzao mmoja wakawa na baba tofauti. Rangi nyeusi yenye kahawia na masikio yaliyosimama, ambavyo wauzaji huvionyesha kama ushahidi, vipo pia kwa mbwa wetu wa kienyeji. Mtoto wa wiki tano mimi sithubutu kumtajia ukoo kwa kumwangalia. Hata wafanyakazi wazoefu wa vituo vya mbwa, makisio yao yalipolinganishwa na vipimo vya vinasaba, walionekana kukosea mara nyingi.

Tuseme basi muuzaji ni mkweli. Bado mmepata nini? Watu hununua jina la ukoo wakiamini wamenunua tabia: German Shepherd atalinda, Rottweiler atakuwa mkali, Labrador atapenda watoto. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, wa ukoo safi na machotara. Ukoo ulieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Sehemu kubwa iliyobaki inatokana na mbwa mwenyewe, wazazi wake hasa, malezi yake na yaliyompata. Kwa chotara bahati nasibu ni kubwa zaidi, kwa sababu hakuna ajuaye mtoto huyu amechukua nini kwa mama na nini kwa baba. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anaweza kuwa jasiri na mwingine akajificha chini ya meza kila radi inapopiga.

Mtaambiwa pia kwamba chotara haugui. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipitia kumbukumbu za mbwa zaidi ya 27,000 wakiangalia magonjwa 24 ya kurithi. Magonjwa 10 yalikuwa mengi zaidi kwa mbwa wa ukoo safi, 13 hayakuonyesha tofauti, na moja, la kukatika kwa kano ya goti, lilikuwa zaidi kwa machotara. Kwa hiyo kuchanganya damu kunasaidia kiasi, lakini nyonga mbovu za German Shepherd zinaweza kumfuata mtoto wake chotara. Na kwa hapa kwetu, mbwa wengi ninaowaona wakifa hawauawi na magonjwa ya kurithi. Wanauawa na magonjwa ya virusi kama pavo na distempa, na homa ya kupe, kichaa cha mbwa na magari. Hayo hayaulizi ukoo.

Niseme neno kwa ajili ya mbwa wa kienyeji, maana anadharauliwa kuliko anavyostahili. Mwaka 2009 vilichapishwa vipimo vya vinasaba vya mbwa wa vijijini Afrika, na wale wa Uganda walionekana kuwa karibu wote ni wa asili ya hapa hapa, si mabaki ya mbwa wa kikoloni. Hawa ni wanyama waliochujwa na jua na njaa za nchi hizi kwa vizazi vingi. Mbwa wetu ana manyoya mafupi, mwili mwepesi, mara nyingi kilo 12 hadi 20. German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili yaliyoumbwa kwa baridi ya Ulaya, na anaweza kufika kilo 40. Joto la Dar es Salaam la Januari na Februari ni mateso kwake, na sahani yake ni mara mbili ya sahani ya mbwa wa kienyeji. Kwa anayeanza, hilo la sahani si dogo.

Sasa hizo wiki tano. Muuzaji amechukua ukweli nusu. Ni kweli kwamba kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14 mtoto wa mbwa hujifunza ni nani na nini cha kutokuogopa. Lakini katika kipindi hicho hicho mama na ndugu zake wanamfundisha jambo ambalo nyinyi hamtaweza kumfundisha vizuri hivyo: nguvu ya meno. Anapomng'ata ndugu yake kupita kiasi, ndugu hulia na mchezo hukatika. Mbwa aliyetolewa kabla ya wiki 8 mara nyingi huja na meno yasiyo na kiasi, na wa kwanza kuyapata ni mwanao mdogo. Akitoka akiwa na wiki 8 bado mna wiki sita za kumzoesha kila kitu. Hakuna mnachokosa kwa kusubiri. Anayeharakisha ni muuzaji, kwa sababu watoto wa wiki tano wanaanza kula kwa gharama yake.

Kuna na suala la kinga. Kinga aliyopewa na mama kupitia maziwa hupungua kuanzia wiki ya 6 na kuendelea. Chanjo ya pavo na distempa huanza kati ya wiki ya 6 na 8, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, na haikamiliki mpaka afikishe angalau wiki 16. Virusi vya pavo hukaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi. Mtoto wa mbwa akiingia kwenye uwanja ambako mbwa wa mpangaji wa zamani alikufa kwa kuharisha damu, anaweza kuupata ugonjwa bila kukutana na mbwa yeyote. Chanjo ya kichaa nayo, kliniki nyingi huitoa akifika wiki 12. Mkimchukua huyu leo, mtakaa na watoto wenu na mbwa asiye na kinga hiyo kwa takriban wiki saba.

Wauzaji wa barabarani huongeza umri, kwa hiyo jifunzeni kusoma meno. Ya utoto huanza kuchomoza karibu na wiki ya 3 au ya 4, na mtoto wa wiki 8 kwa kawaida anayo yote 28. Mkifunua mdomo mkakuta magego ya nyuma hayajatoka huku macho yakiwa bado na ubuluu, huyo hajafika miezi miwili, muuzaji aseme atakavyo.

Nimuombe mume wako afikirie pia kazi. Mtoto wa mbwa hujisaidia kila baada ya saa mbili au tatu, usiku ukiwemo. Anatafuna kandambili, waya wa chaja, miguu ya viti. Kulinda hawezi mpaka akaribie mwaka mmoja au zaidi. Kama wezi ndio sababu ya kutafuta mbwa, mtoto wa wiki tano atahitaji nyinyi mumlinde yeye.

Twende kwa jike. Mume wako anasema ana tabia za mtaani, na ni kweli zipo. Mbwa aliyeishi bila nyumba anaweza kuwa mwizi wa chakula, akakimbiza bodaboda, akaruka ukuta kwa ustadi, akaogopa fagio kwa sababu fagio limeshampiga. Wengine huwaogopa wanaume tu. Hofu ndiyo ya kuchunguzwa, kwa sababu mbwa wengi wanaong'ata watu wa nyumbani wanang'ata kwa hofu. Lakini tofauti kubwa kati ya mbwa hawa wawili ni kwamba tabia ya jike inaonekana leo. Ukubwa wake ndio huo. Hasira zake, kama anazo, zipo mbele ya macho yenu, na yupo mtu aliyeishi naye tangu Machi anayeweza kusimulia. Kwa mtu wa mara ya kwanza, taarifa hizo zina thamani kuliko ukoo wowote. Na kwa mtoto wa wiki tano hakuna aliye nazo.

Kwa hiyo nendeni wote wanne, na msiende mara moja tu. Mbwa hubadilika kwa saa na kwa wageni. Nendeni asubuhi moja, nendeni jioni nyingine wakati wa chakula. Siku ya kwanza msimwendee. Kaeni, ongeeni na mwenyeji, mwacheni yeye aje. Mbwa anayefaa nyumba yenye watoto si lazima aje akirukaruka. Anaweza kukaa mbali kidogo, akanusa hewa, akasogea, akarudi nyuma, kisha akaja kunusa viatu. Huyo ni mwoga kiasi na anapona hofu yake mwenyewe, na hilo ndilo ninalolitafuta: akishtuka, anachukua muda gani kutulia? Angusheni funguo sakafuni. Mbwa mzuri huruka, huangalia, halafu huja kunusa. Mbwa anayekimbilia uvunguni na kubaki huko nusu saa ni wa kupewa mtu mzoefu asiye na watoto.

Jifunzeni lugha ya mwili kabla hamjaenda, watoto nao muwafundishe. Mkia unaotikisika hautoshi. Tazameni mwili mzima. Mbwa aliyetulia ana mwili laini na mdomo uliofunguka kidogo. Mbwa anayeomba aachwe hujilamba pua mara kwa mara, hupiga miayo ilhali hana usingizi, hugeuza uso, na weupe wa jicho huonekana pembeni. Akikakamaa ghafla na kufunga mdomo, simameni hapo hapo, kwa sababu kinachofuata ni kuguna au meno. Watu husema "mbwa aling'ata bila onyo", na karibu kila ninapouliza vizuri nakuta onyo lilitolewa, ila hakuna aliyelijua.

Mwenyeji mwombeni amshike masikio, amfungue mdomo, amnyanyue miguu, hasa ule uliokuwa na kidonda. Afanye yeye, nyinyi mtazame. Mbwa aliyewahi kuumia hulinda mahali palipouma. Akivuta mguu tu, sawa. Akigeuka na kuyaweka meno mkononi mwa mtu anayempenda na kumwamini, mwanao hatakuwa salama kwake. Wakati wa kula, mwenyeji apite karibu na sahani. Mbwa aliyejua njaa hula haraka, na hilo ni la kawaida. Akiguna kila mtu anapopita, bado anaweza kufugwa, lakini kwenye nyumba ambayo hakuna mtoto wa kwenda kuchungulia sahani.

Siku nyingine mtoeni nje kwa kamba, mume wako akiishika. Aone bodaboda, mbuzi wa jirani, watoto wa shule wakipita kwa kelele. Hapo ndipo mume wako atapata jibu la swali lake mwenyewe kuhusu tabia za mtaani. Ninyi mkirudi mara ya pili au ya tatu na jike akaja kumpokea mwenye nyumba mpya kabla hajaitwa, mtakuwa mmeona kitu ambacho hakuna cheti cha ukoo kinachoweza kukionyesha.

Kuna swali moja hamjaniandikia, na ni la lazima: kile kidonda kilitokana na nini? Kama aligongwa au alikatwa na bati, ni habari nyingine. Kama aling'atwa na mbwa mwingine, basi mtaani huko alikutana na meno ya mbwa asiyejulikana, na hapo nataka kujua tarehe ya chanjo ya kichaa. Dalili za kichaa mara nyingi hutokea kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya kuambukizwa, ingawa huweza kuchelewa zaidi ya hapo. Kukaa kwake tangu Machi akiwa mzima ni habari njema sana. Hata hivyo takeni kuona kadi ya chanjo yenye tarehe na sahihi ya daktari wa mifugo. Kama haipo, achanjwe kabla hajahamia kwenu.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka, karibu vyote kutokana na mbwa, na takriban asilimia 40 ya wanaofariki ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto wenu yeyote aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa, wenu au wa mtaani, osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Msipake pilipili, mafuta wala unga wa dawa za mitishamba, na msingoje kuona kama mbwa ataugua. Inawezekana kabisa kuushinda: kule Pemba ugonjwa ulitoweka mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, ukarudi 2016, na kwa kuchanja tena ukakomeshwa 2018. Mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, huwa kuna kampeni za chanjo. Ulizeni ofisi ya mifugo ya halmashauri yenu.

Vipimo vingine kwa mbwa wa kuokotwa havizidi asubuhi moja kliniki. Daktari aangalie damu kwa ajili ya homa ya kupe, maana mbwa anaweza kuwa nayo kimya kimya, ufizi umepauka kidogo tu. Amwangalie ukeni pia. Kwa majike wa mtaani kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana, mwekundu, unaotoa matone ya damu ambayo watu huyadhania kuwa ni joto. Hutibika vizuri kwa sindano za kila wiki za vincristine, dawa ya saratani, lakini ni gharama, na ni haki yenu kujua kabla. Apewe dawa ya minyoo, kisha irudiwe kila miezi mitatu. Kama hajafungwa kizazi, afungwe. Jike huingia joto takriban kila miezi sita, na hapo mtaona madume wa Mbezi nzima getini, wakipigana usiku kucha, na miezi miwili baadaye mtakuwa na watoto sita wa kugawa. Wengi wa watoto hao ndio baadaye huokotwa Kimara.

Kuhusu ulinzi, nataka kusema kwa nguvu kidogo. Kuna watu watakaomshauri mume wako amfungie mbwa bandani mchana kutwa asione mtu, ampe pilipili au bangi, au amfunge mnyororo mfupi ili awe mkali. Huo ni ukatili, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayoukataza. Zaidi ya hapo, haufanyi kazi inayotakiwa. Mbwa aliyefungwa hivyo hajui tofauti ya mwizi, mjomba na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Humng'ata aliye karibu, na aliye karibu zaidi ni mtoto. Kinachomfukuza mwizi ni nyumba kuamka. Kazi ya mbwa wenu ni kubweka kwa wakati na kuwaamsha, na mbwa wa kienyeji hufanya hivyo vizuri sana, kwa sababu ana sikio jepesi na hujua haraka nyumba yake ni ipi. Mpeni miezi mitatu kabla hamjamhukumu kama analinda au halindi. Mwanzoni anaweza kunyamaza kabisa, kwa kuwa hajui bado kama pale ni kwake.

Majirani zenu nawashukuru kwa kuwafikiria. Nendeni mkapige hodi kabla mbwa hajafika. Katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kufuga mbwa kwa ulinzi, uwindaji au mifugo kumeruhusiwa, kwa hiyo wengi hawatawakatalia. Kinachowakera ni mbwa mwenye maji na mate kuwagusa wakiwa na udhu. Saa ya hatari ni alfajiri, jirani akiwa na kanzu njiani kwenda msikitini na geti lenu limeachwa wazi kwa ajili ya gari la shule. Mbwa awe bandani au kwenye kamba kabla geti halijafunguliwa, kila siku, bila kusahau. Banda lisiegemee ukuta wa pamoja. Watoto wao wakija kucheza, mbwa afungiwe kwanza ndipo mlango ufunguliwe. Na mwulizeni jirani mwenyewe angependa nini, maana yeye anajua kuliko mimi.

Chakula si lazima kiwe cha mfuko wa dukani. Ugali wa dona na dagaa, au wali na vichwa na miguu ya kuku iliyochemshwa mpaka ikalainika na mifupa ikatolewa, unatosha mbwa mzima akiongezewa maini kidogo na mboga. Mapafu na maini kutoka buchani yachemshwe vizuri. Yakiliwa mabichi humpa mbwa minyoo ya aina ambayo mayai yake, yakimfikia mtu, huota vifuko vya maji kwenye ini na mapafu. Masalia ya pilau msimpe, kwa sababu vitunguu huharibu damu ya mbwa. Chokoleti na zabibu pia ni sumu. Kwa kupe, dawa ya kumwogesha au ya kumdondoshea mgongoni ifuatane na kuziba nyufa za banda, kwa sababu kupe wa mbwa hutaga na kujificha kwenye kuta. Mkimtibu mbwa mkaacha ukuta, baada ya wiki chache mmerudi mlipoanza.

Sasa swali ambalo karibu kila familia husahau kuuliza: nani atamlisha? Mkisema "sisi", mara nyingi ni dada wa kazi. Je, ameulizwa? Kama anaogopa mbwa, au dini yake inamzuia kumshika, kumlazimisha ni kumwonea yeye na mbwa pia. Mbwa hujua anayemwogopa, na yeye atamtupia chakula kwa mbali huku akimfukuza kwa ufagio. Mchukueni na yeye mnapokwenda kumwona jike. Akikataa, basi kazi ya asubuhi na jioni iwe ya baba mwenye nyumba, na asiweke mtoto wa miaka 9 kuwa mwangalizi mkuu. Mtoto asaidie, akiwa na mtu mzima.

Siku za kwanza ndizo mbwa wa kuokotwa hupotea. Anatoroka kurudi anakokujua, na Mbezi hadi Kimara kuna Barabara ya Morogoro katikati ya safari yake. Kwa wiki mbili asitoke bila kamba, hata uani kama ukuta ni mfupi. Avae mkanda wa shingoni wenye namba yenu ya simu tangu siku ile anapoingia kwenye gari. Wageni wasiitwe kuja kumwona. Watoto wasimkumbatie, wasimfuate bandani, wasimwamshe akilala. Wanaolea mbwa wa kuokotwa hukadiria siku tatu za kuduwaa, wiki tatu za kuanza kuelewa ratiba, na miezi mitatu ya kujihisi yuko kwake. Si kanuni, lakini itawasaidia msikate tamaa siku ya nne akikojoa kwenye zulia.

Ikiwa jike hatapita vipimo, msimchukue kwa huruma. Yupo mtu asiye na watoto atakayemfaa. Subirini, ulizeni kwenye kliniki za mifugo, maana madaktari wengi wanajua mbwa watu wazima wanaotafutiwa nyumba. Wasomaji wa kwingineko wana vituo vya kutunza wanyama waliookotwa kama Mbwa wa Africa upande wa Arusha, KSPCA ya Nairobi na USPCA ya Kampala. Na kama mume wako bado atamtaka chotara, mrudini muuzaji watoto wakiwa na wiki 8. Mwambieni mnataka kumwona mama yao akiwa nao, mahali walipozaliwa, na kadi ya chanjo ya kwanza. Mama akiwa mpole kwa wageni na amenawiri, mchagueni mtoto wa katikati, asiyejificha na asiyewakanyaga wenzake. Muuzaji akisema mama yuko mbali, au mkutane naye barabarani, ondokeni.

Mkimchukua jike, kubalianeni na huyo dada, kwa maandishi, kwamba mkishindwa ndani ya miezi mitatu anarudi kwake na hatolewi kwa mtu mwingine. Akubali pia kuja kumtembelea baada ya mwezi. Mwombeni awape chakula anachokula sasa cha kutosha wiki moja, mkichanganye kidogo kidogo na cha kwenu, kwa sababu kubadilisha ghafla kutamharisha. Mumewe jike huyu, kama yupo, abaki Kimara.